Nilipima Barabara Siku ya Salongo

Wiki jana mmoja wenu, kijana aliyeanza kazi katika biro ileile, ofisi ya barabara niliyoiacha, alinionyesha simu yake. Ndani yake kulikuwa na fomu ya wakaaji wanaopinga mipango ya barabara. Unagusa kisanduku cha "nakubali" au cha "sikubali", unatuma, kazi imekwisha. Akaniuliza kama si jambo zuri. Nikamwambia ni zuri sana, tena ningekuwa na simu hiyo zamani, magoti yangu leo yangekuwa na afya. Kisha nikamuuliza: huyu aliyegusa "sikubali", anakaa juu ya barabara au chini ya ngazi? Akaangalia simu, akaniangalia mimi, akacheka. Kicheko hicho ndicho kimenikalisha mezani kuwaandikia ninyi nyote mlioajiriwa mwaka huu.

Mimi ni Maman Bernadette. Kule mtaa wa Nguba, Bukavu, bado wananiita Maman Dekameta, kwa sababu ya ule utepe wa kupimia niliotembea nao begani zaidi ya miaka thelathini. Nilikuwa ajenti wa barabara. Nilipima njia, nilihesabu magari, nilibandika matangazo, na zaidi ya yote nilishika rejista ya mapingamizi. Mji ukitaka kubadilisha jambo, kwa mfano kukataza magari kusimama mahali fulani au kuhamisha kituo cha teksi, wakaaji hupewa siku kumi na tano za kusema neno lao. Wanakuja mbele ya meza, wanasema, mimi naandika. Sikuwahi kuwa shefu na sikuwahi kupewa gari ya kazi. Lakini ninajivunia kazi hiyo, na sitaki mtu aone haya kwa niaba yangu.

Nianze na mbuzi, maana mwaka wangu wa kwanza nilishindwa na mbuzi.

Nilitumwa kubandika matangazo kwenye kuta za mtaa mmoja wa mlimani. Gundi niliipika mwenyewe nyumbani kwa unga wa muhogo, nzito, safi, hata mama yangu aliisifu. Nikabandika asubuhi, nikarudi mchana kukagua, sikukuta hata karatasi moja. Nikakimbia biro kuandika ripoti kali kwamba wakaaji wameyachana matangazo ya serikali kwa hasira. Papa Kitoga, aliyekuwa mwalimu wangu wa kazi, aliisoma ripoti ile polepole mpaka mwisho, akavaa kofia yake, akaniambia nipike gundi nyingine. Tukabandika tena, tukasimama kando ya ukuta kungoja. Haikupita muda, mbuzi mmoja mwekundu akaja, akasimama kwa miguu miwili ya nyuma, akala tangazo lote pamoja na muhuri, kisha akaulamba ukuta. Papa Kitoga akanipatia kalamu. "Mukaaji mwenye hasira njo huyu," akasema. "Muulize jina, uandike."

Tangu siku hiyo gundi yangu niliitia pilipili. Vijiko viwili vya pilipili kavu kwa sufuria moja, na msisahau kunawa mikono kabla ya kugusa macho. Ninyi mtasema siku hizi matangazo yanatumwa kwa simu na mbuzi hali simu. Haya. Ila bado kuna watu ambao tangazo wanalionea bombani wakingoja maji, na pale bado mbuzi wapo.

Papa Kitoga alikuwa mtu wa Mwenga, mfupi, mwenye sauti ya chini. Baba yake alichimba dhahabu, na yeye alipenda kusema kwamba alirithi uvumilivu wa kuchekecha mchanga bila kurithi dhahabu yenyewe. Yeye ndiye aliyenifundisha namna ya kupokea pingamizi. Mkaaji akae, asisimame, kwa maana aliyesimama anasema haraka na anasahau jambo lililomleta. Meza iwekwe nje, kwenye barabara yenyewe inayozungumzwa, na wewe ukae ukiipa barabara mgongo, ili mwenzako aione anapokueleza. Uandike "mimi", kama anavyosema yeye, usiandike "mkaaji analalamika kwamba". Ukimaliza, msomee kwa sauti. Akisema hapana, sivyo nilivyosema, unapiga mstari mmoja tu juu ya kosa, ili kosa lenyewe lisomeke, unaandika upya pembeni. Kurasa zote zina namba na muhuri kabla rejista haijafunguliwa, kwa hiyo hakuna ukurasa unaochanika bila kujulikana.

Alinifundisha pia kwamba siku za kwanza wanakuja wenye sauti kubwa. Mwenye jambo zito anakuja siku ya tano, ya sita, kwa sababu kwanza alitafuta mtu wa kumwachia watoto au mgonjwa. Ndiyo sababu ajenti anayefunga rejista mapema ili awahi nyumbani, huyo ni mwizi, hata kama hakuiba kitu.

Mambo niliyoyaandika katika miaka yote hiyo, wee! Mwanamke mmoja alipinga magari kukatazwa kwa sababu lori la jirani lilikuwa linapatia nyanya zake kivuli. Mzee mmoja alitaka gari zote ziondolewe ila ya mkwe wake. Kuna bwana aliyeniambia kwa Kifaransa kirefu kwamba barabara ile ilikuwa yake kwa kuwa aliipandia miti, na nilipomwomba anionyeshe miti akanionyesha mashina. Nikaandika vyote, mashina pia. Usimcheke mtu kabla hajaweka sahihi. Akishaondoka, cheka na kuta zako.

Sasa niwaambie habari ya kosa langu kubwa, kwa sababu la mbuzi lilikuwa kosa la mtoto, na hili nililifanya nikiwa mtu mzima mwenye sifa.

Kule Nguba kuna barabara tuliyoiita Avenyu ya Mikaratusi. Inapita mgongoni mwa kilima. Upande wa juu kuna nyumba zenye mageti na nafasi ya gari uani. Upande wa chini nyumba zinateremka kuelekea ziwa, na hakuna gari inayofika huko. Watu wanashuka kwa ngazi za udongo na mawe. Siku moja duka la pale liliwaka moto, na gari ya kuzima moto ikakwama kati ya jeep mbili zilizoegeshwa uso kwa uso. Duka likaungua mpaka likaisha, watu wakiangalia, maji ya gari ile yakiwa mbali hatua mia mbili tu. Baada ya hapo Shefu Pascal, mkuu wa biro yetu, alisema magari yakatazwe kusimama pale. Msimwone mbaya. Alilitazama lile jivu kwa macho yake, na hakulala vizuri wiki ile.

Akanituma nipime upana wa barabara na kuhesabu magari yanayoegeshwa. Sheria ya Papa Kitoga ilikuwa ni kuhesabu mara tatu: siku ya kazi, siku ya soko, na Jumapili watu wakitoka misa. Lakini Papa Kitoga alikuwa ameshastaafu, nami kichwa kilikuwa kimevimba. Tena nilichoshwa na pikipiki. Ukitandaza dekameta barabarani, pikipiki tatu zinapita juu yake kabla hujasoma namba, na moja iliwahi kuivuta yangu hadi kwenye mzunguko wa magari huku mwendeshaji akifikiri kelele zangu ni za kumshangilia. Basi nikapata wazo ambalo niliona ni la akili sana. Nitapima asubuhi ya salongo.

Kwa wale ambao hamkukulia kwetu, salongo ni kazi ya pamoja ya Jumamosi asubuhi. Maduka yanafungwa, kila nyumba inatoa mtu na jembe au ufagio, mifereji inazibuliwa, na magari hayatembei mpaka kazi iishe. Barabara ilikuwa imetulia. Nilitandaza utepe wangu kama mtu anayepima kitambaa kitandani kwake. Nikapima vizuri sana, mfereji kwa mfereji, nikahesabu na magari yaliyosimama. Yalikuwa manne. Nikaandika "magari manne" kwa mwandiko wangu mzuri, nikapiga mstari chini yake kwa rula.

Kila mtoto wa Bukavu anajua nilichokisahau. Siku ya salongo mwenye safari anaondoa gari yake mapema kabla njia haijafungwa, na asiye na safari anaifungia uani isije ikaombwa kubeba takataka. Nilikuwa nimehesabu barabara isiyo na watu wake. Shefu Pascal akaisoma ripoti, akaona magari manne, akaandika pendekezo: hakuna gari kusimama, pande zote mbili, kutoka kwenye mzunguko hadi kwenye kanisa dogo, mchana kutwa. Haitamsumbua mtu, akasema. Ripoti yangu ikabandikwa mwanzoni mwa rejista, kama inavyotakiwa, ili mkaaji yeyote aisome.

Siku tano za kwanza walikuja wenye sauti kubwa, nikaandika. Siku ya sita akaja Maman Nabintu. Nilimfahamu kwa sura, anauza sambaza, wale dagaa wa ziwani, na siku hiyo alikuja na beseni lake kichwani, akaliweka chini kwa uangalifu, akaomba asome ripoti kwanza. Wengi hawaombi. Alisoma kwa kidole, mstari kwa mstari, mimi nikiwinda nzi. Kidole kikasimama.

"Maman, hizi gari ine, ni nani alihesabu?"

Nikamwambia ni biro.

"Biro haina macho. Ni mutu gani?"

Nikasema ni mimi. Akaniuliza siku gani, nikasema Jumamosi. Akaniuliza saa ngapi. Hapo nikaelewa, na ninyi mnajua jinsi damu inavyopanda masikioni. Hakunicheka wala hakupaza sauti. Alivuta kiti karibu tu, akaniambia niandike yake.

"Andika hivi. Bwana yangu, Papa Cizungu, mafigo yake haitumike tena. Mara tatu ku juma tunamupeleka ku opitali, banamusafisha damu ku mashini. Sisi tunakaa chini, ngazi mia na makumi ine. Banaume ine banamupandisha na kipoyi. Gari ya Safari inapashwa kuwa pale juu mbele ya kumutosha mu nyumba, sababu kama haiko, tutamuweka wapi? Na tukichelewa, saa yake ku mashini banapatia mwengine. Yeye anarudi na damu yake ileile."

Nikamsomea. Akaweka sahihi. Safari, alinieleza, ni jirani mwenye teksi anayeegesha pale kwenye kichwa cha ngazi kila asubuhi ya hospitali, na hakuna anayejua atangoja dakika kumi au saa nzima, kwa sababu mvua ikinyesha ngazi zinateleza na wabebaji wanapanda kwa hatua ya kinyonga. Tayari walikuwa wanachelewa mara kwa mara. Mwezi uliopita saa ya mumewe ilipewa mwingine mara mbili, na mara ya pili alivimba uso mpaka hakuweza kufungua macho. Gari ikikatazwa kusimama kabisa, akasema, basi sisi tumekwisha. Aliyasema hayo huku akifunika sambaza zake na gazeti. Kisha akabeba beseni, akaenda sokoni.

Nilibaki na kalamu. Ningeweza kunyamaza. Pingamizi moja la muuza sambaza kati ya thelathini, nani angelisoma? Ningeweza pia kumnong'oneza shefu, tukapima upya kimyakimya, na jina langu likabaki safi. Niliwaza yote mawili, siwadanganyi, na niliwaza kwa muda mrefu. Kisha nikaangalia mstari uliofuata. Ulikuwa mtupu, namba thelathini na moja. Nikaandika: "Mimi Bernadette, ajenti wa barabara, niliyepima Avenyu ya Mikaratusi, ninapinga kipimo changu mwenyewe. Nilihesabu magari asubuhi ya salongo. Hesabu hiyo si ya kweli. Naomba ihesabiwe upya, siku tatu." Nikaweka sahihi. Mtu akiutazama ukurasa ule leo atasema uliandikwa na mtoto wa darasa la pili. Ni mwandiko wangu mbaya kuliko wote, na ndio ninaojivunia.

Shefu Pascal aliniita kesho yake. Aliniambia ajenti hapingi biro yake, hilo halijawahi kuonekana. Nikamwambia limeonekana jana. Akaniambia nichukue rejista mpya tuanze upya, nikamkumbusha kwamba kurasa za ile zina namba na muhuri wake mwenyewe. Akasema watu watatucheka. Nikamjibu kwamba wameshacheka, kwa kuwa nusu ya Nguba walikuwa na majembe mkononi siku nilipokuwa napima, waliniona, na pengine walidhani napima mifereji. Hapo akakasirika kweli. Akasema kwa Kifaransa kwamba naweza kumaliza miaka yangu katika chumba cha makaratasi ya zamani. Kisha akatulia, akaniuliza swali ambalo mpaka leo naliheshimu: mgonjwa mmoja, na mtaa mzima unaoweza kuungua, wewe ungechagua nini?

Nilimwambia tu aje azione ngazi. Alikubali ili aachane nami.

Tulienda asubuhi moja ya hospitali. Mvua nyepesi ilikuwa inanyesha, ile isiyokatisha mtu safari lakini inayofanya udongo wetu uwe sabuni. Shefu alivaa viatu vyake vya mkutano na alibeba kabrasha la ngozi. Tulishuka, mimi mbele nikihesabu ngazi kwa sauti, yeye nyuma akishika kuta za watu. Tulipofika ya sitini hivi tukasikia wanaume wakiitana chini, polepole, kushoto, simama, twende. Kipoyi kilikuwa kinapanda.

Ninyi wengi mmeshaona kipoyi, ila kwa asiyekijua, ni kiti kilichofungwa kwenye miti miwili mirefu, mgonjwa anakaa au analala, watu wanne wanaweka miti mabegani. Na pale mteremkoni kuna desturi isiyoandikwa popote. Ukikutana na kipoyi kinapanda, hupiti. Unageuka, unatia bega, na mmoja wa wabebaji anatoka apumzike. Haiulizwi wewe ni nani wala umevaa nini.

Mimi nilijua desturi hiyo, na nitasema ukweli, nilijua pia saa ambayo kipoyi kingepanda. Lakini sikujua kama Shefu Pascal angetia bega. Alisimama akawatazama. Yule wa mbele kushoto alikuwa anahema kwa mdomo. Shefu akanipatia kabrasha lake, akajipenyeza, akachukua mti. Baadaye aliniambia alizaliwa Nyangezi na bibi yake alitolewa kijijini hivyohivyo. Kwa hiyo alikuwa anajua kushika mti tangu zamani. Alikuwa amejisahau tu ofisini, kama nilivyojisahau mimi.

Tukapanda. Maman Nabintu alikuwa nyuma akishikilia karatasi ya plastiki juu ya mumewe. Viatu vya mkutano viliteleza mara mbili, na mara zote mbili wale wengine watatu walisimama kumngoja. Tukafika juu. Gari haikuwepo.

Safari ni mwoga wa sheria kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona. Alikuwa amesikia kwamba kusimama kutakatazwa, akadhani kumeshakatazwa, basi badala ya kungoja alikuwa anazunguka, anashuka hadi kwenye mzunguko wa magari na kurudi, akitumaini kuwakuta wamefika. Tulipofika alikuwa ametoka kupita. Huwezi kukiweka kipoyi chini pale. Ni matope, na pikipiki zinapita karibu na miguu. Papa Cizungu naye hakuwa na nguvu za kukaa wima peke yake. Basi wanaume wanne wakabaki wamesimama ukingoni mwa barabara wakiwa na mtu mabegani, mmoja wao akiwa shefu wa barabara.

Gari zikapita. Mvua ikaendelea. Niliona Shefu Pascal akipandisha mkono wa pili kusaidia bega. Papa Cizungu alikuwa mwalimu kabla hajaugua, na macho yake yaliona mengi hata akiwa amelala. Aliinamisha kichwa kutoka chini ya plastiki, akamtazama yule mgeni.

"Pole, Shefu," akasema. "Kama unachoka, sema. Batakupokea."

Shefu akasema hapana, hajachoka.

Safari alipotokea na kumwona shefu, alitaka kukanyaga mafuta akimbie. Maman Nabintu alisimama mbele ya gari yake na kuipiga kofi kwenye boneti. Wakamwingiza mgonjwa, mlango ukafungwa, wakaondoka wakiwa wamechelewa. Nilijua wamechelewa kwa sababu nilitazama saa yangu na shefu alitazama yake. Shati lake lilikuwa na alama ya mti, nyeusi, kutoka shingoni hadi kwenye kwapa. Nilimrudishia kabrasha. Hakulichukua. Aliniomba dekameta.

Tulipima pamoja, yeye akishika mwanzo wa utepe, mimi mwisho, na pikipiki zikapita juu yake kama kawaida. Urefu wa gari, mlango uliofunguka wote, na nafasi ya kipoyi kugeuka bila kumgonga mtu: mita tisa. Akaniambia, "Andika, Maman Berna. Na ile hesabu, tutairudilia siku tatu, mimi na wewe." Tukairudia, siku ya kazi, ya soko na ya misa. Sitawaambia tulipata magari mangapi, lakini Shefu alilazimika kuomba ukurasa wa pili.

Uamuzi ukabadilika. Magari yalikatazwa upande wa juu peke yake, kule kwenye mageti yenye nafasi uani. Upande wa chini yaliruhusiwa, na kwenye kichwa cha ngazi zikaachwa mita tisa za gari ya mgonjwa, zisizoguswa na mtu mwingine. Tuliomba gari ya kuzima moto ije ipite kwa majaribio, ikapita bila kukunja kioo. Watu wa upande wa juu walikasirika, na bwana mmoja mwenye jeep mbili alileta pingamizi la kurasa tatu lenye matusi ya heshima dhidi yangu. Nikaliandika lote, neno kwa neno, nikamsomea kwa sauti, hata pale aliponiita mwanamke asiyejua barabara. Aliona haya kidogo akaniomba nipige mstari. Nikapiga mmoja.

Rangi nyeupe ya zile mita tisa niliipaka mwenyewe. Kama mtaipaka upya, na najua imeshafifia, fagieni kwanza, kisha ngojeni jua la siku mbili mfululizo, si moja. Rangi iliyopakwa juu ya unyevu huondoka na mvua ya kwanza. Chokaa msitumie kabisa, ni ya makaburi na miti.

Sikupelekwa kwenye chumba cha makaratasi ya zamani. Wala sikupandishwa cheo, msiniulize. Simu zenu zina mambo mazuri, tena picha inayoonyesha siku na saa ingenikamata mimi palepale, na ingekuwa haki. Tumieni hizo simu. Lakini mkiona namba ndogo na safi katika ripoti, nendeni mkaulize ilihesabiwa saa ngapi, na kama ni yenu, msiogope kuandika jina lenu chini ya pingamizi. Kuna rejista moja kwenye kabati la biro yenu yenye ajenti aliyejipinga mwenyewe. Mimi ninatembea mjini nikiwa nimenyoosha shingo kwa sababu ya ukurasa ule.

Asubuhi ya kwanza ya hospitali baada ya rangi kukauka sikwenda Nguba. Nilikuwa na kazi nyingine, na kusema kweli niliogopa kwenda kukuta jeep imeegeshwa pale. Nilikaa biro, nikachora mistari ya rejista mpya, nikakosea, nikachora tena. Mchana mlango ukafunguliwa na Maman Nabintu akaingia bila beseni, nguo aliyokwenda nayo hospitali bado mwilini. Nikasimama, maana nilidhani ni habari mbaya. Alishika kiti lakini hakukaa.

"Maman Berna," akasema, "leo ku mashini, sisi njo tulimungoja munganga."